Siku Tatu za Kutafuta Gunzi Dume la Mtapo

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, anayeipasua mbegu gizani mwa udongo bila mtu kuuona mkono wake, na aliyemfundisha baba yetu Adamu majina ya vitu kabla ya mwanadamu kujua hata kuuliza. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na kila aliyefuata njia njema. Namshukuru kwa miguu iliyonipeleka ikanirudisha, na kwa macho ambayo bado yanaona mstari wa kalamu.

Ndugu zangu wa Kilwa na Lindi, barua zenu zimefika. Mmesikia kwamba nilikamatwa Buguruni siku ya Ijumaa nikiwa nimepakwa manjano usoni kama bibi harusi, na mnataka kujua kulikoni. Kukamatwa ni kweli, na manjano yalikuwepo. Nyie mliozoea kukwama siku nne kwenye matope ya Rufiji mtacheka mkisikia kwamba naita safari mwendo wa kutoka Temeke mpaka Wazo na kurudi. Chekeni tu. Nina miaka sitini na kitu, na mwendo ule ulinichukua siku tatu.

Temeke, mbele ya chuo

Wote mliowahi kufika kwangu mnaujua mti ulio mbele ya chuo changu cha Kurani, wenye shina nene na fupi na majani marefu kama ya mnazi yaliyochongoka. Majani yake ndiyo tuliyopambia lango kila maulidi. Mama yangu aliupanda. Mwaka wa njaa aliotusimulia sana, yeye na dada zake walikula mbegu za miti ya namna hiyo. Walizimenya, wakazianika, wakaziloweka siku nyingi wakibadili maji, ndipo wakazitwanga wakapata unga, kwa sababu zikiliwa hivihivi ni sumu. Waliokosa subira ya kuloweka walizikwa. Mama alipokuwa anakata roho aliniambia, "Ule mti usiuache ukaisha." Hakuniachia wasia mwingine.

Kila baada ya miaka kadhaa mti ulitoa katikati ya majani kitu kama gunzi la mahindi, ila kikubwa kama kichwa cha mtoto, na baadaye kikameguka kikaacha mbegu nyekundu. Mbegu hizo nimezipanda tangu nikiwa kijana. Nilizipanda kwenye mchanga, kwenye samadi, kivulini na juani. Haikuota hata moja. Sikumwambia mtu, lakini moyoni niliona labda ni mimi mwenye upungufu.

Jumatatu moja wakaja wapimaji wa barabara wakapigilia vigingi. Kimoja walikipigilia hatua mbili kutoka kwenye shina, na wakati huo mti ulikuwa na gunzi jipya. Kiongozi wao alikuwa mtu wa adabu. Akasema, "Shikamoo, mzee. Barabara ni ya wote, na mti huu hautapona. Kazi itaanza mwakani."

Jirani yangu Fundi Kandidi alikuwa amesimama pale. Ni Mmakonde wa kutoka Newala, Mkristo, mchonga vinyago vya mpingo, na tumeishi ukuta kwa ukuta miaka kumi na tano. Akaniambia, "Maalimu, usikae na uchungu peke yako. Kuna bwana mmoja Mabibo nilimtengenezea fremu za mbao za kukandamizia majani. Kazi yake ni kukausha mimea na kuipanga kabatini kwa koo zake. Twende tukamuulize kwa nini mbegu zako hazioti."

"Mimea ina koo?"

"Mie najua? Nilitengeneza fremu tu."

Temeke hadi Mabibo

Tuliondoka Jumatano baada ya alfajiri. Mimi nilichukua jani moja, kanzu ya akiba na msala wangu wa ukili, ule mwembamba ninaoukunja nikauweka kwapani. Fundi alichukua panga na mihogo ya kuchemsha. Basi la Buguruni lilichelewa hadi jua likawa kali, na lilipofika lilikuwa limejaa, tukaenda kwa miguu. Buguruni tukanywa chai isiyo na sukari, kwa kuwa sukari ilikuwa haijaonekana dukani wiki nzima. Mwuza chai alituomba radhi kama mtu aliyefiwa.

Mabibo tulifika adhuhuri. Bwana Elibariki ni mtu wa bara, kutoka milimani, mrefu na mpole. Alitupokea kwa "Shikamooni, wazee wangu," akamwita mkewe atupikie wali na maharage, kisha akalitazama jani langu kwa furaha kana kwamba nimemletea samaki mbichi.

"Mzee wangu, huu unauitaje?"

"Mtende wa mama. Wengine husema mtapo."

"Mtapo ndilo jina lake. Mtende siyo. Wala hauna udugu na mnazi."

Nikamwambia majani yanafanana. Akasema hilo ndilo kosa la kwanza la kila mtu. Wao hawaupangi mmea kwa majani bali kwa namna unavyobeba mbegu. Akatwaa harage moja lililoloweshwa kwenye sufuria, akalipasua kwa ukucha likatoka pande mbili. "Mimea mingi ya mbegu huificha mbegu ndani ya tunda. Hiyo ni nyumba kubwa, na nyumba hiyo ina vyumba viwili vikubwa. Cha kwanza ni cha hawa kama harage, embe na mkorosho, ambao wakiota hutoa majani mawili ya kwanza. Cha pili ni cha mahindi, mpunga na mnazi. Hao hutoa moja. Sasa iko nyumba nyingine, ndogo na ya zamani sana, ya mimea isiyo na tunda kabisa. Mbegu yake hukaa wazi juu ya gamba. Huko kwetu milimani ni msonobari na mtarakwa. Na huku pwani ni huu mtapo wako."

Fundi Kandidi akaacha kula. "Ngoja, bwana. Umesema mkorosho mbegu yake iko ndani ya tunda?"

"Ndiyo."

"Mie nimezaliwa chini ya mikorosho. Bibo liko juu, korosho inaning'inia nje kama hereni! Mbegu gani iko wazi kuliko hiyo?"

Bwana Elibariki akacheka mpaka mkewe akachungulia. Akaeleza kwamba bibo tunalolila siyo tunda bali ni kikonyo kilichovimba. Tunda lenyewe ni lile gamba la korosho, na mbegu imo ndani yake. Fundi akanuna. "Kwa hiyo miaka yote nimekula kikonyo." Akarudi kwenye wali, lakini kila baada ya tonge mbili alitikisa kichwa.

 Nilikuwa nawaza mivinje iliyopandwa ufukweni, maana niliidhani ni misonobari. Nikauliza. Akasema mvinje una maua na tunda, unafanana tu na msonobari. Nikamshukuru Mungu moyoni kwamba ameviumba vitu vikafanana kwa sura vikatofautiana kwa asili, na vingine kinyume chake, ili tusijione tumekwisha jua.

Kisha nikamwuliza swali lililonileta. Kwa nini mbegu zangu hazioti?

"Mti wako unatoa gunzi nene, siyo? Basi ni jike. Mtapo una mti wa kike na mti wa kiume mbalimbali. Dume hutoa gunzi jembamba lenye unga wa njano. Sie tunauita chavua. Unga huo usipofika kwenye gunzi la kike, mbegu zinakuwa na umbo tu, ndani hamna uhai. Je, karibu yako kuna mtapo mwingine?"

Hapakuwa na mwingine. Mti wa mama ulikuwa mjane tangu siku ulipopandwa, na mimi nilikuwa nalaumu mchanga na mikono yangu.

"Magamba ya gunzi yamefunguka?" akauliza.

"Tangu juzi ncha ya kisu inapita," akasema Fundi.

Bwana Elibariki akaweka kijiko chini. "Basi mna siku chache tu. Likishafunga, mtangoja miaka mingine, na mmesema mti hautakuwepo."

Akatueleza kwamba mwezi uliopita aliona mitapo miwili ya kiume kwenye miamba nyuma ya Wazo, shambani kwa bibi mmoja aitwaye Bi Tausi. Alasiri ilikuwa imekaribia, akatulaza kwake.

Mabibo hadi Wazo

Alhamisi tulipata basi, tukamshukuru Mungu mapema mno, kwa sababu lilizimika kabla hatujafika nusu ya njia. Dereva na utingo waliingia uvunguni, abiria tukakaa chini ya kivuli cha basi lenyewe. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la nyanya akatugawia, tukala na mihogo ya Fundi. Saa tatu zilipita. Mwishowe dereva akatoka akiwa mweusi kwa mafuta, akasema, "Ndugu zangu, mwenye haraka atangulie." Tukatangulia.

Wazo tulifika jua limeshaelekea kushuka. Lakini enzi hizi mgeni hawezi kulala mahali bila balozi wa nyumba kumi kujua, na balozi wa pale alikuwa kwenye shamba la kijiji. Tukamngoja. Alipokuja na jembe lake begani akatuuliza tumefuata nini. Kwa ukweli wote nikamwambia, "Tumefuata unga wa mti wa kiume, tuupeleke kwa mti wa kike Temeke."

Akatutazama mmoja mmoja. "Nyie waganga?"

"Hapana, ndugu. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, mwenzangu ni mchongaji."

"Basi semeni mmekuja kumsalimia Bi Tausi," akasema. "Hilo naweza kulieleza."

Bi Tausi ni mjane wa Kizaramo aliyenizidi umri. Anatembea ameinama, lakini ulimi wake umesimama wima. Nilimpa shikamoo. Akaitika, akaniita mwanangu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikajiona kijana. Aliposikia habari ya mama yangu na unga wa njaa alisema, "Hata sie tuliula. Siku saba za maji, sio sita." Akatupeleka mwenyewe kwenye miamba.

Mtapo wa kwanza ulikuwa na gunzi lililokwisha kauka, limemwaga kila kitu. Wa pili ulikuwa na gunzi moja, jembamba, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko, rangi ya njano iliyofifia. Hatukuwa na jamvi la kutandika. Nikatandaza msala wangu chini yake, Fundi akaligonga kwa mpini wa panga, na unga ukamwagika kama manjano ya kusaga, pamoja na vijidudu vyeusi vingi. Fundi akalikata gunzi. Nikaukusanya unga kwenye kilemba changu, nikafunga fundo, gunzi tukalizungushia kanzu yangu ya akiba. Msala nikaukunja.

Asubuhi kwa Bi Tausi

Bi Tausi alinitandikia mkeka wake wa kuswalia, mpya, akasema mgeni wake haswali kwenye ukili uliochakaa. Nikaswali hapo magharibi, isha na alfajiri.

Baada ya alfajiri nikatoka uani, nikaona kilemba changu kinaning'inia kwenye kamba, cheupe kuliko siku niliyokinunua. Kando yake kanzu yangu. Na juu ya kinu kilichopinduliwa, gunzi letu likidondosha maji, limesuguliwa kwa kumbi la nazi mpaka ndani ya magamba.

Bi Tausi alikuwa amekaa karibu na beseni, mikono imesinyaa kwa maji, uso umejaa furaha. "Mwanangu, hamkuniambia! Nguo zimejaa vumbi la njano na wadudu. Kwetu mgeni haondoki na uchafu wa njiani. Nimeamka kabla ya jogoo."

Kwa kweli ndivyo desturi ilivyo, na mama yangu angefanya vivyo hivyo. Nyuma yangu nikamsikia Fundi Kandidi anavuta pumzi ya kusema jambo. Nikamkanyaga mguu.

"Mungu akulipe, mama," nikasema. "Umetutendea wema."

Akatupa uji wa mahindi ya njano na vipande vya nazi. Nikaunywa wote. 

Wazo hadi Buguruni

Tulipofika njiani Fundi akalipuka. "Maalimu! Si ungemwambia?"

"Nimwambie ili iweje? Maji yarudi kwenye mtungi?"

"Angalau ajue!"

"Angejua angelia. Ana miaka themanini, ameinama kwenye beseni kwa ajili yangu."

"Na mama yako je?"

 Nikasema tu kwamba Mungu anajua zaidi, na nakiri mbele yenu kwamba nililisema kama mtu anayefunga mlango. Gunzi tupu nililibeba hivyo hivyo. Sijui kwa nini. Nadhani sikutaka kurudi mikono mitupu mbele ya ule mti.

Lori lililobeba saruji lilitupakia juu ya mifuko mpaka Buguruni. Tuliteremka tukiwa weupe kama tuliotoka kwenye pipa la unga. Adhana ya Ijumaa ilikuwa inatoka. Fundi akasema atanisubiri nje na gunzi. Nikajikung'uta, nikatawadha, nikaosha uso kwa maji mengi. Msikiti ulikuwa umejaa, wengi tuliswali uani kwenye mchanga. Nikakunjua msala wangu.

Nikasujudu. Nilipoinuka nikahisi kitu kikavu juu ya paji la uso. Nikasujudu tena. Baada ya salamu, mzee aliyekuwa kulia kwangu akanipa mkono, akanitazama, akasema kwa upole, "Sheikh, samahani. Una manjano usoni. Kuna harusi?"

Nikautazama msala. Kwenye kila mshono wa ukili, ukindu kwa ukindu, palikuwa na unga wa njano. Ulikuwa umekaa kwapani mwangu tangu jana, umekunjwa, haukuguswa na mtu, kwa sababu Bi Tausi aliniheshimu kwa mkeka wake mpya. Sikunyanyuka. Nilibaki nimepiga magoti, machozi yakanijia, nikayazuia yasidondokee pale.

Buguruni hadi nyumbani

Nilipomfikia Fundi nilikuwa nimeubeba msala kama mtu aliyebeba sinia la mayai. Akaniona paji la uso, akaelewa mara moja.

"Usijifute!" akapiga kelele. "Usiguse! Kaa hapo!"

Akanikalisha kwenye jiwe kando ya barabara, akaokota unyoya wa kuku, akatoa karatasi iliyofungia mihogo, akaanza kunipangusa paji la uso taratibu, kwa ule mkono wake wa kuchonga macho ya vinyago. "Tulia, Maalimu. Hapa kwenye mikunjo ndiyo umejaa. Uzee nao una faida yake."

Watu wakakusanyika. Mwanamke akasema mzee anaaguliwa. Mwingine akauliza lile nanasi refu tunaliuzaje. Ndipo akaja mgambo.

"Ndugu, nini hiki? Uganga barabarani?"

Fundi, bila kuacha kupangusa, akasema, "Ni chavua."

"Chavua ndiyo nini? Magendo?"

Tukapelekwa ofisi ya tawi la chama, sisi, msala, unyoya na gunzi. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikamweleza yote niliyofundishwa Mabibo: nyumba mbili za mimea ya mbegu, vyumba viwili vya nyumba ile kubwa, gamba lililo wazi, msonobari, mtarakwa. Nilivyozidi kueleza ndivyo mgambo alivyozidi kukunja uso. Fundi akaongeza habari za bibo kuwa kikonyo, na hapo tukawa tumeharibu kabisa.

"Bibo ni tunda," akasema mwenyekiti kwa ukali.

Karani wake, mwanamke aliyekuwa anapiga mhuri pembeni, akainua kichwa. "Kwani, mzee, unasema mti huu una dume na jike kama mpapai?"

"Ndiyo, mwanangu. Kama mpapai."

"Basi si useme!" Akamgeukia mwenyekiti. "Ana mpapai jike nyumbani, kaenda kutafuta dume. Hata kwetu tumefanya hivyo."

Mwenyekiti akavua miwani. "Sasa mbona umenizungusha mpaka kwenye misonobari? Nendeni, wazee. Nendeni kabla jike hajakasirika."

Mgambo mwenyewe alitusindikiza mpaka njia ya Temeke, akiwazuia watu wasitugonge.

Tulifika alasiri. Gunzi la mti wa mama bado lilikuwa wazi. Fundi akakata bua la jani la mpapai, ambalo lina uwazi ndani kama mrija. Nikaukung'uta msala juu ya karatasi safi, mshono kwa mshono, ukatoka unga wa kujaza kijiko kimoja cha chai, pamoja na ule wa paji la uso. Tukautia kwenye bua kidogo kidogo, naye akawa anaupuliza kati ya magamba, huku mimi nikisoma Bismillahi kwa kila gamba na yeye akijifanyia ishara ya msalaba kwa mkono uliobaki. Siku nne baadaye ncha ya kisu haikupita tena.

Baada ya masika mawili

Sikuwajibu mapema kwa sababu sikuwa na la kuwaambia. Gunzi lilimeguka miezi mingi baadaye, tukachukua mbegu zote. Mwezi uliofuata barabara ilifika. Nilisimama pale mti ulipoangushwa, nikawashukuru wafanyakazi, nikaingia ndani. Mbegu tulizipanda kwenye makopo ya maziwa na ya mafuta.

Mwezi huu zimeota kumi na moja.

Mbili nilimpelekea Bi Tausi, na nikamweleza habari yote, kwa kuwa sasa haikuwa na uchungu. Alijifunika uso kwa kanga muda mrefu. Kisha akasema, "Nilikuoshea mti wa mama yako, na wewe ukakaa ukanywa uji wangu!" Akanipiga begani, akacheka, akapanda miche yake hapo hapo.

Mche mmoja ni wa Fundi Kandidi, mmoja wa Bwana Elibariki, na mmoja niliupeleka kwa yule karani wa Buguruni. Iliyobaki ni yenu, mje muichukue. Ila jueni kwamba hakuna awezaye kusema upi ni dume na upi ni jike mpaka utoe gunzi, na hiyo ni miaka mingi ambayo mimi sitarajii kuiona. Kwa hiyo msipotezane. Kila mtu akumbuke mwenzake amepanda wapi, na awafundishe watoto wake njia ya kwenda huko.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akujalie wageni wa kuwafulia nguo na wenyeji wa kukufulia zako, akuwekee katika mkunjo usiouangalia kile ulichodhani kimepotea, na siku mti wako utakapozaa, ukukute bado uko salama pamoja na jirani yako. Amin.